Ng'ombe wa Alhamisi

Mwezi uliopita rafiki yangu Papa Dieudonné alitimiza miaka sabini, na sherehe ilifanyika Norsborg, pembeni mwa Stockholm, katika ukumbi wa kanisa lao. Baada ya chakula mwenye sherehe alichukua kipaza sauti, akawaeleza wageni jinsi sisi watatu, yeye, Mama Kezia na mimi, tulivyokiokoa chumba chetu cha Alby kwa mchezo wa karata. Alisema kwamba mpango mzima aliubuni yeye. Alisema kwamba mimi nilikuwa msimamizi wa birika. Alisema pia, na hapo ukumbi ukacheka hadi wapishi wakatoka jikoni kuchungulia, kwamba tulishinda kwa kumlaghai mama mmoja Mswidi mchana kweupe. Nilikuwa meza ya pili, sahani ya sombe, yaani kisamvu, mbele yangu, nikajizuia, kwa kuwa si adabu kumkanusha mtu katika siku yake. Siku hiyo sasa imepita. Mimi nilifanya kazi ya ofisi tangu Bujumbura hadi katika manispaa moja ya huku, ambako nilishughulikia vibali vya kuegesha magari mpaka nilipostaafu, na katika utumishi wangu wote sikuliacha kosa lilale juu ya karatasi hata usiku mmoja. Sombe ilikuwa nzuri. Maelezo yalikuwa ya ovyo.

Mwaka ninaouzungumzia uliangukia karibu na mwisho wa mwongo wa kwanza wa karne hii, tangu vuli hadi Pasaka. Kwa hesabu ya kuzaliwa sikuwa kijana. Nilikuwa nimevuka hamsini. Hata hivyo, mtu anayefika nchi ngeni huanza tena kukua tangu chini: hujifunza kusema, kuvaa, kupanga foleni, kunyamaza ndani ya treni. Kwa hesabu hiyo nilikuwa na umri wa mvulana aliyebalehe juzi, mwenye kiburi cha kujua mambo machache, na ndiyo maana nauita mwaka ule mwaka wa ujana wangu bila kuona haya. Chumba chenyewe kilikuwa ghorofa ya chini ya nyumba ya mikutano, karibu na kituo cha treni. Kilikuwa na meza ndefu za mbao nyeupe, viti visivyofanana, na jiko dogo lenye mashine ya kahawa ambayo sisi tuliitumia kuchemshia chai ya maziwa na tangawizi, kwa masikitiko makubwa ya kila aliyeitumia baada yetu. Tulikutana humo kila Alhamisi jioni, bila usajili wowote, jambo ambalo nililitolea onyo mara nyingi na nikapuuzwa. Papa Dieudonné, mtu wa Uvira, alifika moja kwa moja kutoka ghala moja la Jordbro akiwa bado na viatu vya kazi. Mama Kezia, Mkalenjin kutoka Eldoret, muuguzi katika nyumba ya wazee, alileta mandazi ndani ya kopo kubwa la aiskrimu. Wengine walikuja na kuondoka, Warundi wenzangu, Wanyarwanda, Wakongo, Mtanzania mmoja mmoja, kila mtu na Kiswahili chake na kila mtu akiamini kwamba cha mwenzake kimeharibika. Watoto waliopita kuwachukua wazazi wao walisemeshwa kwa Kiswahili, wakajibu kwa Kiswidi, na hakuna aliyeona ajabu.

Vuli ile tulikuta tangazo mlangoni. Jioni za Alhamisi chumba kilikuwa kimepewa chama cha wachezaji wa karata za kukusanya, zile zenye picha za majoka, wachawi na wanyama, ambazo mtu hununua kwa pakiti na kujipangia fungu lake la kupigania. Chama hicho kilikuwa na usajili. Sisi hatukuwa nao, na sikuhitaji kusema ninalolijua. Papa Dieudonné alisimama mbele ya tangazo lile kwa muda mrefu, kisha akatuambia jambo alilokuwa akilificha: binamu yake, aliyekuwa akiishi kaskazini ya mbali, kwenye kiwanda cha mbao, alikuwa amempatia kazi na chumba huko. Alikuwa amekataa mara mbili. Mke wake alikuwa bado Uvira akisubiri kibali, na nyumba aliyopanga Alby ilikuwa chumba kimoja kwa mwenye nyumba asiyetaka wageni wala harufu ya samaki.

"Kama hii chumba inakwenda, na miye nakwenda," alisema. "Hapa Stockholm niko na nani? Niko na ukuta."

Hilo ndilo lililokuwa mezani, wala hatukulizungumza tena kwa maneno. Mama Kezia alipendekeza twende kulalamika. Mimi nilirudi mlangoni nikalisoma tangazo hadi mstari wa mwisho, kazi ambayo inaonekana hakuna mwingine aliyeiona ya lazima, nikakuta kwamba chumba kilikuwa wazi kwa yeyote atakayeshiriki mchezo. Naomba ieleweke, basi, kwamba mpango ulianzia hapo na ulianzia kwangu. Kijana mmoja mrefu aitwaye Joakim, mwenyekiti wa chama, alituthibitishia kwa upole wa Kiswidi usiokuwa na mwanya: watu watatu huhesabiwa timu, timu hucheza mechi moja kila jioni, na timu ambayo haitashinda hata mara moja kabla ya Pasaka itawapisha wengine waliokuwa wakingoja nafasi. Nje ya mechi yetu tungeweza kuketi, kunywa chai na kuongea lugha yoyote. Tulihitaji ushindi mmoja. Papa Dieudonné alisema kwamba hata kanisa maskini hupata muujiza mmoja kwa mwaka.

Mimi ndiye niliyeteuliwa kucheza, kwa sababu ndiye pekee niliyekisoma kijitabu cha kanuni chote, na kwa sababu Papa Dieudonné alikuwa na desturi ya kupiga karata mezani kwa kishindo, jambo lililowasumbua wenyeji. Kanuni kwa ufupi ni hizi. Kila mchezaji ana uhai wake wa kulinda. Huweka viumbe mezani, kila kiumbe kwa nguvu yake, na akitaka kushambulia hugeuza karata ya kiumbe ubavu. Anayeshambuliwa anaweza kumtanguliza kiumbe wake apokee pigo. Aliye dhaifu hufa, hutupwa pembeni. Asipomtanguliza yeyote, pigo humfikia mwenyewe. Ugumu ulikuwa katika kupata karata. Wenzetu walikuwa na karata walizozivika mifuko ya plastiki na kuzitunza kuliko mimi nilivyotunza pasipoti yangu, na zile zenye nguvu ziliuzwa bei ambayo Mama Kezia aliifananisha na mahari. Kwenye kona, hata hivyo, kulikuwa na sanduku la mabaki, yaani karata ambazo kila mtu alikuwa nazo nyingi na hakuna aliyezitaka, na Joakim alisema tujichukulie.

Tuliimwaga ile takataka juu ya meza na kuichambua kama maharage. Papa Dieudonné alitaka nyoka na radi. Mama Kezia alitaka chochote chenye mabawa. Mimi niliinua karata moja, nikaiweka kando, nikainua nyingine. Zilikuwa za ng'ombe. Palikuwa na nyati wa tope, maksai wa mlimani, jike mweupe mwenye pembe kama mwezi mchanga, ndama mwenye mwali wa moto kichwani, wote wakidharauliwa na wachezaji kwa sababu waliingia vitani polepole. Nilipozisoma kwa makini niliona kwamba kila ng'ombe akiwa mezani huwaongezea nguvu ng'ombe wenzake. Mmoja hakuwa kitu. Kundi lilikuwa jambo jingine.

"Angalia huyu," Papa Dieudonné alimwambia Mama Kezia. "Mrundi akiona pembe anasahau na jina yake."

"Afadhali pembe," nilimjibu. "Ninyi watu wa Uvira mkiona maji mnasahau nguo zenu."

Mama Kezia, ambaye kwao pia mtu husalimiwa pamoja na mifugo yake, alikuwa upande wangu, na kwa kura mbili dhidi ya moja fungu letu likawa zizi. Lakini sanduku halikutosha. Ng'ombe bora walikuwa ndani ya albamu za wachezaji wengine, na desturi ya chumba ilikuwa kubadilishana kitu kwa kitu cha thamani ile ile. Hatukuwa na kitu. Isitoshe, kwetu ng'ombe habadilishwi hivyo kama jozi ya soksi. Ng'ombe huombwa. Mtu huenda kwa mwenye ng'ombe na kinywaji, huketi, humuuliza habari za wazazi wake, humsifu, na kinywaji kinapokaribia kwisha ndipo husema alilokuja nalo. Akipewa, hawi tena mtu baki: amefungamana na aliyempa, ana deni la ndama siku zijazo, na hawezi kumchinja ng'ombe yule pasipo ruhusa ya aliyempa. Niliona hakuna sababu ya kuiacha desturi iliyo sahihi eti kwa kuwa ng'ombe ni wa karatasi. Palipohitajika pombe ya mtama niliweka chai na mandazi.

Wa kwanza niliyemwendea alikuwa Birgitta, dereva wa treni ya chini ya ardhi, mwanamke mkimya aliyekaribia umri wangu, mchezaji mkali kuliko wote, aliyekuja na mkate wake wa jibini kwenye karatasi na kuula peke yake dirishani. Ndani ya albamu yake nilikuwa nimemwona jike mwenye manyoya marefu ya rangi ya hudhurungi iliyoiva, ile ambayo kwetu huitwa bihogo. Niliketi na vikombe viwili. Nilimuuliza habari za mama yake, aliyekuwa hai, na za theluji katika reli. Nilimsifu kwamba sijapata kuona treni ikisimama kwa utulivu kama ile anayoiendesha yeye, ingawa kwa kweli sikujua ni ipi. Aliuliza ninataka nini. Nilimwambia tusiharakishe. Nyuma yangu Papa Dieudonné alikuwa akimnong'oneza Mama Kezia kwamba nimekwenda kuposa. Chai ilipobaki tone nilisema kwa Kiswidi changu cha vibali vya maegesho kwamba nimekuja kumwomba ng'ombe.

"Unanipa nini?" aliuliza.

"Sikupi kitu. Nakuwa mtu wako."

Alinitazama kama dereva anavyotazama taa ya reli iliyowaka rangi asiyoijua. Nikamweleza yote, na deni la ndama, na ruhusa. Alimaliza andazi lake, akachomoa karata ile kutoka albamuni na kuiweka mbele yangu kwa mikono miwili, kitu ambacho sikumfundisha. Nilimshukuru kwa Kirundi, gira inka n'ibibondo, uwe na ng'ombe na watoto, nikamfasiria. Alisema kwamba watoto anao wawili na wanamtosha.

Habari ilienea kwa sababu andazi lilikuwa zuri. Sitajidai kwamba ni kwa ufasaha wangu. Kila Alhamisi mtu mwingine alikuja kuketi upande wetu akijifanya anatafuta sukari, akasubiri aombwe. Tulipata fahali kutoka kwa mwanafunzi wa udaktari na mapacha wa nyati kutoka kwa fundi bomba. Kisha wakaanza kuulizia. Mtu aliyeshindwa mechi yake alikuja kusimama nyuma ya kiti changu na kuuliza kama ng'ombe wake hajambo, nami nilimjibu ipasavyo, kwamba hajambo, amekula, amelala vizuri. Zizi letu halikuwa na karata hata moja iliyonunuliwa, na Waswidi waliokuwa wamekaa miezi bila kujuana majina sasa waligombania kuonyeshana ng'ombe wa nani alisimama mbele. Mama Kezia alilazimika kuleta makopo mawili.

Pamoja na hayo tulishindwa mfululizo, na sababu yake lazima iandikwe. Sikuwatanguliza ng'ombe wangu. Adui alipogeuza karata zake, kanuni iliniruhusu kumsukuma mmoja mbele apokee pigo, nami sikumsukuma. Mwanamume ndiye husimama mlangoni mwa zizi. Hajapata kuzaliwa Mrundi mwenye akili atakayejificha nyuma ya ng'ombe wake. Nililipokea kila pigo mwenyewe, nikaishiwa uhai, na ng'ombe wakabaki mezani wazima, wazuri, bila mwenyewe. Joakim alinieleza mara kadhaa, kwa subira, kwamba wanyama wako pale kwa ajili hiyo. Nilimweleza kwa subira ile ile kwamba hawako pale kwa ajili hiyo. Papa Dieudonné alivumilia hadi Februari, jioni moja ya matope ya theluji ambapo alikuwa ameleta ndagala za kukaanga, dagaa wa ziwa la kwetu, na madirisha yamefunguliwa yote kwa maombi ya wenyeji. Nilipokuwa nimeshindwa na mwanafunzi wa udaktari, alisukuma sahani.

"Monsieur le secrétaire," aliniambia, na akiniita hivyo, bwana katibu kwa Kifaransa, nilijua amekasirika, "ile ni karatasi. Haina damu. Unaniuza kaskazini kwa sababu ya karatasi?"

Nilimjibu kwamba heshima haina kipimo cha karatasi na damu. Alisema kwamba heshima yangu haitamtembelea huko kwenye mbao. Kila mmoja alimgeuzia mwenzake bega, na ndagala zikapoa. Hapo ndipo Mama Kezia, aliyekuwa akikausha vikombe, alipoongea, na ninawaomba wote waliokuwepo Norsborg walisome hili mara mbili, kwa sababu halikuwa wazo la mwenye sherehe wala langu.

"Nyinyi wazee mnanishangaza," alisema, kisha akanigeukia mimi. "Mzee Salvatori, hao ng'ombe wote umewapeleka malishoni, na mchungaji yuko wapi? Nyumbani kwenu ng'ombe wanatembea peke yao kama watalii?"

Akaenda kwenye sanduku la mabaki, akachota karata za watu wadogo wadogo wenye fimbo na mbwa, wanavijiji ambao hakuna mchezaji aliyewataka hata kidogo kwa kuwa nguvu yao ilikuwa moja, akazipanga mbele ya ng'ombe wangu. Wachungaji. Hao waliingia vitani haraka, walikuwa bure, na kazi yao duniani ni kusimama kati ya ng'ombe na fisi. Sikuwa na pingamizi. Wakifa, wamekufa kazini, kama inavyostahili. Nilipanga fungu upya wiki ile, nikiwapunguza nyati wa tope na kuongeza wachungaji, na Alhamisi iliyofuata nilishindwa kwa pumzi chache tu, jambo ambalo Joakim alilipongeza kwa kunishika mkono. Kwa mara ya kwanza nilihisi kundi likipata muda wa kukua. Mechi mbili zaidi tulizipoteza kwa karibu. Ikabaki moja, Alhamisi ya mwisho kabla ya wiki ya Pasaka, na ratiba ikatupa Birgitta.

Nakumbuka kwamba nje kulikuwa bado na mwanga, wa kwanza wa mwaka ule, na kwamba mechi nyingine zilikwisha mapema na watu wote wakaja kuzunguka meza yetu, kila mmoja na ng'ombe wake machoni. Papa Dieudonné alisimama nyuma ya kiti changu akiwa na viatu vya kazi, mikono ameifunga. Wachungaji wangu walifanya kazi yao na wakafa mmoja baada ya mwingine. Ng'ombe walikuwa wanne, wameongezeana nguvu, na zamu moja tu ingewatosha, hata wakibaki watatu, kumaliza mechi. Lakini zamu ilikuwa ya Birgitta, mwenye joka moja mezani, na uhai wangu usingehimili pigo lake. Ng'ombe wangu watatu walikuwa wamechoka kwa kushambulia, na kanuni hairuhusu aliyechoka kutangulizwa hadi zamu ya mwenyewe irudi. Aliyesimama mzima alikuwa Bihogo, jike wa Birgitta, peke yake. Papa Dieudonné aliona kama nilivyoona.

"Mtume mbele," alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini sana. "Ndugu, mtume tu."

Nilikuwa nikimwona dirishani, katika kioo. Uso ule sijausahau. Nikaamua kumtanguliza ng'ombe, kwa ajili yake. Naweka wazi kwamba niliamua. Lakini Bihogo hakuwa wa kwangu peke yangu. Birgitta alipoweka kidole juu ya joka lake, nilimwomba asubiri kabla hajaligeuza. Nilimwambia kwamba akishambulia itanibidi nimtoe yule jike aliyenipa, naye atakufa, na kwamba kwa hiyo naomba ruhusa yake.

Birgitta aliitazama karata.

"Sitoi ruhusa," alisema.

"Basi nitalipokea mwenyewe," nilisema, "na mechi imekwisha." Nikakaa wima.

Birgitta hakugeuza karata. Alikaa na kidole kile juu ya joka kwa muda ambao kwenye treni abiria wangeanza kulalamika. Kisha akaondoa mkono. Alisema kwamba hashambulii. Joakim alimuuliza kama ana hakika. Akamuuliza tena, kwa mujibu wa kanuni. Birgitta alisema kwamba ana hakika, kwamba si mtu wa kumuua ng'ombe wake mwenyewe, na kwamba sasa ni zamu yangu na nisimcheleweshe. Nikawageuza ng'ombe wote wanne ubavu.

Hakukuwa na ulaghai hapo. Mlaghai hujua mwenzake atafanya nini, na mimi sikujua; nilikuwa nimekwisha kushindwa ndani ya moyo wangu na nilikuwa nikitafuta maneno ya kumwambia rafiki. Mama Kezia anaweza kuthibitisha, alikuwa pale ameshika kopo tupu. Kuhusu birika, ni kweli nilipika chai mara nyingi, na iliposifiwa nilikubali sifa. Jioni ile, hata hivyo, chai ilipikwa na Birgitta, tena vibaya, na tulikunywa yote tukiwa tumebanana upande mmoja wa meza, wenye ng'ombe na wasio na ng'ombe. Papa Dieudonné hakuwa miongoni mwetu mwanzoni. Alikuwa kwenye ujia amesimama karibu na makoti, na simu sikioni, mlango ukiwa wazi, na kwa kuwa yeye huongea na simu kana kwamba mtu wa kaskazini anaweza kumsikia bila simu, tulisikia upande wake wote.

"Hapana, kaka, siji. Kazi nimekwisha kuwa nayo. Hapana, si mwanamke." Akasikiliza. "Ni ngombe. Tuko nayo hapa Alby, mingi. Ya karatasi. Ndiyo, karatasi. Sasa unacheka nini?"

Alifunika simu kwa kiganja, akachungulia mlangoni, macho yake mekundu.

"Anauliza kama inatoa maziwa."

"Mjibu kwa usahihi," nilimwambia. "Wengi wao ni madume."